Namna ya Kudai Daraja Mpaka Siku ya Kustaafu

Mtumishi mwenzangu, ukiona wenzako mlioajiriwa siku moja wamefika ngazi ya mshahara ya TGS E na wewe bado uko TGS C kama mtu aliyesahaulika kituoni, usikimbilie kwa mganga. Maradhi hayo ni ya kawaida katika halmashauri zetu, na dawa yake ni karatasi. Mimi niko kwenye dozi mwaka wa 9 sasa. Sijapona, lakini tiba naijua vizuri.

Anza kwa kutafuta Muundo wa Maendeleo ya Utumishi wa kada yako. Watumishi wengi hawajawahi kuushika. Wanausikia tu kama tunavyosikia habari za Peponi. Humo utakuta kwamba anayepanda ni mwenye utendaji mzuri, aliyetumikia daraja lake kwa muda usiopungua miaka 3. Rudia neno hilo: usiopungua. Wengi hulisoma kana kwamba limeandikwa "usiozidi", ndipo presha inapopanda badala ya daraja. Sentensi ile ina sakafu, haina dari. Hata miaka 11 haijapungua 3.

Kisha kuna ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Sifa zako zote si kitu kama nafasi haimo kwenye ikama na fedha zake hazimo kwenye bajeti. Ukienda kuulizia Agosti, umechelewa, bajeti imeshapita. Ukienda Desemba umewahi mno, ya mwakani haijaandaliwa. Ukienda Aprili, imeshapelekwa Dodoma. Mwezi unaofaa upo, ila kila mwaka huangukia kwenye likizo ya mhusika.

Sasa andika barua. Iwe na Kumb. Na., iwe na K.K. Mkuu wa Idara, na chini yake YAH: kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari. Anza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Mimi nimemwomba mkurugenzi ahusike mara 7 kwa maandishi. Wakurugenzi wenyewe wamebadilika 4, na kila mmoja ameondoka bila kuhusika.

Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ule ndio kitu pekee utakachopewa siku hiyohiyo. Baada ya hapo barua inaingia kwenye jalada lako, na jalada linaanza safari. Ukiliulizia masijala, liko kwa Afisa Utumishi. Kwa Afisa Utumishi, liko kwa mwanasheria. Kwa mwanasheria, lilisharudi masijala. Jalada langu limezunguka kuliko nilivyosafiri mimi kikazi, na halijawahi kudai posho.

Ukimpata Afisa Utumishi mwenyewe, usipandishe sauti. Wa kwetu ni kijana, umri wa mwanangu wa pili, na adabu zake zimekamilika.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, baba. Nimekuja kuhusu lile daraja."

"Eeh, lile! Linafanyiwa kazi, mzee. Ile barua yako unayo hapo?"

"Si iko kwenye jalada?"

"Ndiyo, lakini tuletee nyingine, yenye tarehe ya karibuni. Ile imekuwa ya zamani."

Imekuwa ya zamani mikononi mwao, lakini mwenye kosa ni karatasi. Nilimshukuru, nikaenda kuichapa ya 8.

Hapa lazima nikueleze shauri langu lenyewe. Niliajiriwa Mhasibu Msaidizi kwa stashahada. Nikaomba ruhusa, nikasoma jioni, nikapata shahada, nikapeleka cheti ili nibadilishiwe kada. Nawe ukipita njia hii, jiandae: kwenye kada mpya huingii ulipofikia, unaanzia chini. Kama mshahara wako ulishaupita mshahara wa kuanzia huko, unaachiwa uitwe mshahara binafsi, jina la heshima kwa pesa iliyoambiwa isimame ilipo. Kwangu hata hiyo imekuwa ndoto, kwa sababu kada haijabadilishwa. Wakaguzi wakija, hoja nazijibu kama mhasibu. Mshahara ukija, unanijia kama msaidizi.

Kumbuka pia kuwa na historia mdomoni, itakusaidia kungoja. Mwaka 2016 upandishaji wa madaraja ulisimamishwa nchi nzima kupisha msako wa watumishi hewa, kisha ukaja uhakiki wa vyeti. Aprili 2017 ikatajwa hadharani idadi ya waliokutwa na vyeti vya kughushi: 9,932. Sisi wenye vyeti halali tulipiga makofi, tukarudi kwenye foleni. Baadaye likaja daraja la mserereko, kuwafidia waliochelewa. Mtaani mtu huserereka akienda chini. Serikalini ndivyo wanavyopanda. Wenzangu waliserereka vizuri kabisa. Jina langu halikuwemo, kwa kuwa jalada lilikuwa safarini.

Kuwa mwangalifu na Mei Mosi. Mwaka 2022 tuliahidiwa nyongeza siku hiyo, na baadaye mwezi huohuo tukatangaziwa asilimia 23.3. Nikapiga hesabu nyumbani, nikamwahidi mama watoto friji. Julai hati ya mshahara ilipotoka, ndipo tukaelewa kwamba 23.3 ilikuwa ya kima cha chini. Friji hatujanunua. Ila mama watoto bado huiulizia kila Mei, kwa upole unaoumiza.

Uvumilivu ukikuishia utashauriwa na wanaojua sheria. Usiende moja kwa moja CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: tangu 2016 kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinataka umalize kwanza njia za ndani. Njia hizo zipo. Rufaa ipo, na ina siku 45 baada ya uamuzi. Hapo ndipo nilipouvulia kofia utaratibu wetu. Katika miaka 9 hakuna hata mtu mmoja aliyenikatalia. Kila ofisi imekubali kwamba nina haki. "Linafanyiwa kazi" si uamuzi, kwa hiyo siku 45 hazijaanza kuhesabiwa, na rufaa sina pa kuielekeza. Mtu aliyenyimwa ana bahati: anacho cha kupeleka mbele.

Kwa hiyo ushauri wangu mzito kuliko wote ni huu: omba ukataliwe. Andika kwa adabu, K.K. Mkuu wa Idara, kwamba unaomba jibu la hapana kwa maandishi, lenye sahihi na tarehe. Mimi yangu niliipeleka Jumatatu.

Nina miaka 54, na kustaafu kwa lazima ni 60. Mafao yatakokotolewa kwa mishahara niliyolipwa, si niliyodai. Ombi la kukataliwa nalo, nimeambiwa jana, linafanyiwa kazi. Ukipita masijala, nisalimie jalada langu.