Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Idara ya Fizikia

YAH: SHUKRANI KWA KUNIPANGIA KWANTA NA HESABU ZAKE MUHULA MMOJA

Mheshimiwa Mkuu wa Idara, shikamoo. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili. Wiki ya pili ya muhula, mwalimu wa Kwanta aliandika ubaoni kamatriksi kadogo: juu sifuri na moja, chini moja na sifuri. Akasema, "Aigeni zake mnazijua," akafuta. Sisi wa nyuma tukatazamana. Nikafungua mpango wa kozi ya Hesabu za Fizikia, ambayo idara imeniandikisha muhula huu huu: aigeni, wiki ya 11. Basi nikawa na wiki tisa za kujifanya najua.

Nikaenda kwa mshauri wa masomo. Nizichukue zote mbili, au Kwanta niisogeze mwakani? Akavua miwani, akaifuta. "Hilo linategemea na wewe mwenyewe." Nikamkumbusha kwamba Kwanta hutolewa mara moja kwa mwaka, na bumu halimsubiri mtu. Akavaa miwani. "Ndiyo maana nasema linategemea na wewe." Fomu yenyewe inauliza kama nimemaliza kozi tangulizi, na kisanduku cha kuweka vema ni kimoja tu: Ndiyo.

Usije ukadhani nalalamika. Juni 1925 Werner Heisenberg, kijana wa miaka 23, alikimbilia kisiwa cha Helgoland kwa mafua ya chavua, akarudi na misingi ya kwanta. Matriksi alikuwa hazijui; Max Born ndiye aliyezitambua kwenye makaratasi yake. Kumbe idara inatupitisha njia ileile ya wakubwa! Ila sisi Born hatuna. Tuna madesa ya mwaka juzi, yaliyotolewa kopi juu ya kopi mpaka alama za kutoa zimefutika, na hasi zote zimekuwa chanya. Halafu huyo huyo Heisenberg, mwaka 1923, kwenye mtihani wa udaktari mjini Munich, Wilhelm Wien alimuuliza betri inafanyaje kazi akabaki kimya, na nusura aanguke. Hapa kwetu tungekutana naye kwenye sapu.

Lakini haki isemwe: kuzisoma pamoja si kosa. Jioni ile, kwenye kimbweta, dada mmoja wa mwaka wa tatu alinichorea kile kimatriksi nyuma ya risiti. Toa lamda kwenye ulalo, tafuta ditaminanti, unapata lamda ya mraba kutoa moja, sawa na sifuri. Jibu, yaani aigeni zenyewe: moja, au hasi moja. Chai yangu ilikuwa bado ya moto. Kesho yake darasani nikaelewa kwamba hizo namba mbili, ukizizidisha kwa nusu ya h-baa, ndizo majibu pekee unayoweza kupata ukipima spini ya elektroni. Bila ile elektroni, hesabu ile ningeikariri nikaisahau kabla ya Ijumaa.

Kwa hiyo ombi langu halina gharama. Walimu wa kozi hizi mbili milango yao inatazamana. Nimepita pale mara nyingi nikitafuta alama zangu, na sijawahi kuona mmoja akigonga kwa mwenzake. Wasalimiane tu, wabadilishane mipango ya kozi, aigeni zihamie wiki ya kwanza.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili

N.B. Ratiba ya mitihani imebandikwa. Kwanta na Hesabu zote ni Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, kumbi mbili tofauti. Tumefundishwa kwamba elektroni moja huweza kupitia matundu mawili kwa pamoja, alimradi asiwepo wa kuichungulia. Naomba kujua kama siku hiyo kutakuwa na wasimamizi.