Gesti ya Shangazi na Kile Kidude

Gesti kongwe haihitaji cheti cha kuzaliwa, swichi zake zinatosha. Ukikuta soketi ya matundu ya mviringo wakati chaja yako ina miguu bapa, jua umelala kwenye nyumba iliyoanza kupokea wageni enzi mkonge wa Tanga ukilipa. Ndivyo ilivyokuwa gesti ya shangazi yangu pale Korogwe: vyumba 12, ua katikati, na umeme wenye tabia zake.

Wageni wa siku nyingi walishazikariri tabia hizo. Pangaboi la chumba namba tano lilizunguka pale tu taa ya namba sita ilipowashwa, kwa hiyo wenye vyumba hivyo walilazimika kufahamiana. Swichi ya choo cha nje iliwashwa kwa mpini wa fagio, maana aliyeigusa kwa mkono mbichi hakurudia. Ukifungulia shawa bila ndala, bomba lilikusalimia. Wageni wakilalamika, shangazi alikuwa na jibu: "Inachangamsha damu hiyo, mwanangu."

Harufu ndiyo iliyomshtua. Kila jioni shawa za maji moto zikiwashwa, korido ilinuka mpira unaoungua. Nikampigia hesabu: shawa moja ya kilowati 4.5 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 20, hivyo tatu zikiwaka pamoja ni karibu 60, na zote zilikuwa zimeunganishwa kwenye waya mwembamba uliowekwa kwa ajili ya taa na redio. Shangazi akanisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama hizo ampea zinalipiwa kodi.

Fundi wa kwanza aliahidi kumaliza kila kitu kwa tepu nyeusi. Wa pili, mwenye leseni ya EWURA, alifungua boksi la fyuzi akacheka peke yake. Mahali pa waya wa fyuzi, mtu alikuwa amefunga kipande cha waya mnene wa shaba.

"Mama, kazi ya fyuzi ni kufa kwanza ili nyaya zipone," akasema. "Hii yako haifi. Inasubiri mwishe nyinyi."

Darini mambo yalikuwa mazito zaidi. Nyaya za zamani zilizovikwa mpira zilikuwa zimekauka, ukizigusa zinapukutika na shaba inabaki uchi. Nyekundu iliungana na kahawia, nyeusi na buluu, na mahali fulani umeme ulikuwa unapita kwenye waya wa antena. Waya wa ethi ulishuka vizuri hadi nje ya ukuta, ukaishia hewani. Nondo yake ya shaba ilishauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu miaka mingi iliyopita, na kwenye shimo lake shangazi alipanda mchaichai.

Ikaja bajeti. Shangazi alitaka tuanze na rangi na mapazia, maana ndivyo mgeni anavyoona. Fundi akataka kuanza na ethi, kisha ubao wa sakiti breka, kisha kila shawa ipate waya wake mnene. Soketi baadaye, taa za urembo mwisho. Tuliokoa fedha kwa kupitisha nyaya ndani ya trankingi za plastiki juu ya ukuta badala ya kuchimba plasta, na kwa kukarabati vyumba vichache vichache ili vingine viendelee kuingiza hela. Shangazi akaokoa zaidi kwa kuleta roli la waya la nusu bei. Fundi akalikwangua kwa kisu, ndani kukawa kweupe: aluminiamu iliyopakwa shaba. Likarudi dukani, na mchaichai ukahamishwa.

Kazi ilipokwisha, hakuna mgeni hata mmoja aliyesifu ethi. Mmoja alisema shawa imepoa, haichangamshi tena.

Uokovu ulitoka kwenye kifaa kidogo ambacho shangazi alikipinga kuliko vyote kwa bei yake, kile kinachokata umeme ukivuja miliampea 30 tu. Bajeti iliruhusu kimoja kwa soketi zote. Basi mgeni akichovya koili mbovu kwenye ndoo ya bati ili apike mayai kimyakimya, soketi za vyumba vyote zinazimika papo hapo. Wageni wote wanatoka koridoni kulalamikia simu zao. Asiyetoka, ndiye. Shangazi huenda moja kwa moja kwenye mlango wake, akabisha hodi, akadai nyongeza.

Juzi jirani mwenye gesti alikuja kumwomba ushauri kuhusu umeme wake. Shangazi hakutaja ampea wala ethi.

"Nunua kile kidude," akamwambia. "Kinakamata wapishi."