Gogogo na Beseni la Maji ya Moto

Gogogo ni samaki mdogo asiye na magamba, mwenye sharubu mdomoni na miiba mitatu: mmoja mgongoni, na mmoja mbele ya kila pezi la ubavuni. Ziwa Victoria lina aina mbili za gogogo, ambazo wataalamu huziita Synodontis victoriae na Synodontis afrofischeri. Mvuvi wa Nkome au Chato hana haja ya kuzitofautisha. Zote mbili huchoma, na aliyechomwa hana nafasi ya kuuliza samaki huyo ni wa ukoo gani.

Samaki huyu akikamatwa hulalamika. Husugua shina la mwiba wa pezi ndani ya tundu lake, ikatoka sauti ya kukwaruza kama mlango ambao bawaba zake hazijaona mafuta tangu nyumba ijengwe. Jina lake lenyewe lina mlio huohuo. Kwa samaki sauti hiyo ni onyo. Kwa mgeni wa ziwa ni kichekesho. Humwinua gogogo hadi karibu na sikio ili asikie vizuri zaidi, kisha wote wawili wakapiga kelele kwa pamoja.

Mwiba wa gogogo ni mfupa mgumu wenye meno kama ya msumeno. Samaki akiwa ametulia, mwiba hulala. Akishtuka huusimamisha, na kiungo kilicho kwenye shina hujifunga kama kitasa, hivi kwamba kuusukuma kwa kidole hakuulazi, bali humsaidia samaki kumaliza kazi. Hata akifa mwiba waweza kubaki umesimama wima. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini aliyeitunga methali hiyo bila shaka hakuwa ameshika gogogo.

Sumu yake haikai kwenye mfuko wala haipiti kwenye mrija, kama ilivyo kwa nyoka. Chembe zinazoitengeneza zimo ndani ya ngozi nyembamba inayouvika mwiba. Mwiba ukizama mwilini, ngozi hiyo huchanika na sumu humwagika ndani ya jeraha. Kwa hiyo gogogo hamshambulii mtu. Yeye huweka mwiba tu. Nguvu ya kuuzamisha hutolewa na mwenye mguu. Kesi hiyo ikifika barazani, mlalamikaji ndiye atakayetozwa faini.

Wala gogogo hayuko peke yake. Mwaka 2009 mtafiti Jeremy Wright wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alikadiria kuwa katika kundi zima la samaki wa aina ya kambare duniani, ambamo gogogo yumo, spishi zenye sumu hazipungui 1,250 na huenda zinazidi 1,600. Sato na sangara hawamo. Miiba yao ya mgongoni hudunga na kutoa damu, lakini haina sumu, na maumivu yake hayampi mtu hadithi ya kusimulia jioni.

Hata mbali na ziwa watu huchomwa. Mkoa wa Shinyanga, kwa mfano, haupakani na Ziwa Victoria. Mwaka 2009 maji ya ziwa yalifika Shinyanga na Kahama kwa bomba, lakini gogogo hawakupanda bomba hilo. Huko nafasi yake imeshikwa na kambare wa malambo na majaruba ya mpunga. Kambare ana miiba miwili tu, ya mapezi ya ubavuni; mgongoni hana. Anaweza kuvuta hewa ya juu, na mvua zikinyesha hupita kwenye majani yaliyolowa kutoka dimbwi moja hadi jingine. Mkulima aliyeingia jarubani kupandikiza mpunga huhisi kitu kinateleza kati ya vidole vya miguu, na papo hapo husahau mpunga. Mikono huzamishwa kwenye tope na kupapasa gizani. Kambare hupatikana mara chache, mwiba hupatikana mara nyingi zaidi.

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, neno mwalo lina kazi mbili. Kuna mwalo wa samaki, ambapo mitumbwi hushusha mzigo, na kuna mwalo wa dhahabu, ambapo mawe yaliyosagwa kwenye karasha huoshwa na kuchenjuliwa. Mchimbaji wa Rwamgasa, Mgusu au Nyarugusu ambaye duara lake, yaani shimo analochimba, halijatoa kitu kwa wiki kadhaa huhama mwalo mmoja kwenda mwingine, akiamini kwamba aliyezoea kutafuta mali ardhini hawezi kushindwa na mali inayoogelea. Mtu huyohuyo haingii shimoni bila gambuti. Ziwani huingia peku, suruali imekunjwa hadi magotini.

Ajali zenyewe hutokea kwa njia tatu. Ya kwanza ni kukanyaga: samaki amelala chini penye maji machafu, mguu ukamshukia. Ya pili, iliyo ya kawaida kwa wavuvi, ni kunasua. Gogogo akiingia wavuni husimamisha miiba yote mitatu, akajifunga kwenye nyuzi kwa nguvu kuliko fundo la mvuvi yeyote, na kila kidole kinachomfungua huwa kimejitolea. Ya tatu hutokea jikoni, pale mpishi anapomshika samaki aliyekwisha kufa kwa dharau ambayo hangethubutu kumwonyesha akiwa hai.

Maumivu huja mara moja. Huanza kama kisu, kisha huanza kupwita kwa kufuata mapigo ya moyo. Mahali palipochomwa huvimba na kuwa pekundu, na wakati mwingine hufa ganzi. Hali hiyo yaweza kudumu dakika chache au saa kadhaa. Ni nadra sana kumuua mtu, ingawa katika nusu saa ya kwanza mgonjwa haamini hivyo na huanza kutaja anaowadai.

Hapo ndipo waganga hujitokeza, kwa kuwa kambini kila mtu ni daktari wa ugonjwa usio wake. Mmoja hufunga mguu kwa mpira wa baiskeli hadi vidole vikabadilika rangi. Mwingine hutoa wembe na kuchanja, na jeraha moja likawa manne. Wa tatu hushauri mkojo, na hujitolea bila kuombwa. Kosa la ushauri huo ni la hesabu tu: mkojo hutoka ukiwa na joto la mwili, nyuzi 37, ambalo halitoshi kuishinda sumu. Mgonjwa hubaki na maumivu yake, akaongezewa harufu ya mwenzake.

Dawa iliyothibitika ni maji ya moto. Sumu ya samaki hawa ina protini, na protini hizo huharibika zikipata joto. Jeraha huoshwa kwanza kwa maji safi, vipande vya mwiba vinavyoonekana vikatolewa, kisha mguu au mkono hutumbukizwa kwenye beseni la maji ya nyuzi 45 hivi, yaani ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia bila kuungua. Hukaa humo kwa dakika 30 hadi 90, maji yakiongezwa kila yanapopoa, baada ya kuutoa mguu kwanza. Anayepima joto asiwe mguu uliochomwa, kwa sababu unaweza kuwa na ganzi usijue unapikwa. Hupimwa kwa mkono mzima.

Mwenye maji hayo, mwaloni na machimboni, ni mama ntilie. Mazungumzo huwa mafupi:

"Shikamoo mama. Naomba maji ya moto."

"Marahaba, mwanangu. Ya chai au ya ugali?"

"Ya mguu."

Beseni likishawekwa, mgonjwa aliyekuwa akilia huanza kusimulia, na katika simulizi hiyo gogogo wa ukubwa wa kiganja hufikia urefu wa mkono kabla maji hayajapoa.

Maumivu yakitulia, kazi haijaisha. Maji ya ziwa, ya lambo na ya shimo la mgodi yana bakteria wanaopenda kidonda chembamba na kirefu. Kipande cha mwiba kilichovunjikia ndani hakionekani kwa macho, nacho hukaribisha usaha. Kwa hiyo aliyechomwa hupaswa kufika zahanati kuangaliwa na kupata sindano ya pepopunda kama muda wake umepita. Asingoje ikiwa uvimbe unazidi siku ya pili, homa imepanda, michirizi myekundu inapanda mguuni, kidole hakikunjiki au jeraha liko kwenye kiungo. Na kidonda kibichi hakirudi kwenye tope la mwalo, wa samaki wala wa dhahabu, hata kama zamu ni yake.

Kinga ni nyepesi kuliko tiba. Gambuti zinazovaliwa duarani zafaa pia majini. Penye maji machafu miguu iburuzwe chini badala ya kuinuliwa na kushushwa, ili samaki apate nafasi ya kuondoka. Wavuni gogogo ashikwe kwa koleo na miiba ivunjwe kabla ya kunasuliwa, na aliyekufa aheshimiwe kama aliye hai.

Joto lilelile linalotuliza mguu ndilo linalomfanya gogogo aliwe bila hofu, kwani sumu yake huishia chunguni. Miiba hailainiki. Anayekunywa supu yake na anywe polepole.