Mchunga Paka wa Chokocho

Mshenga alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye "tumekuja kwa jambo la kheri" pale paka wa kwanza alipojitupa juu ya pindo la kanzu yake, akalala chali na kuanza kugaragara. Ni Ijumaa hii iliyopita, baada ya alasiri, barazani kwangu hapa Chokocho, Pemba, na mpwa wangu yuko nyuma ya pazia anasikiliza anavyoposwa. Nikamsukuma paka kwa mguu, kwa adabu. Akaja wa pili. Wa tatu akapita juu ya sahani ya halua. Wageni walitoka Kengeja, watu wazima na heshima zao, na nilimwona mmoja wao akivuta makubadhi yake karibu, polepole, kama mtu anayetaka kutoka msibani kabla ya dua.

Paka wa Chokocho ni paka wa diko. Asubuhi wanangoja mashua zirudi, wanakula matumbo ya changu, mchana wanalala kivulini pwani, pale watu wanapopandia vyombo vya Kisiwa Panza. Ukimwita hageuki. Ukimfokea anageuka, basi. Paka hao ndio walioacha samaki wakakata njia kuja kuninusa vidole mbele ya wakwe. Dume moja lenye sikio lililochanika lilinikamata kiganja kwa mikono yake miwili, likawa linajisugua nacho shavuni, macho limeyafumba.

"Mjomba," mshenga aliniuliza kwa sauti ya chini, "paka hawa wa kawaida?"

Nikamwambia ni paka tu.

"Kwamba ni paka nawaona. Nauliza kama ni wa kawaida."

Kahawa hawakuinywa. Halua hawakuigusa. Walisema watarudi inshallah, na inshallah ile waliivuta mpaka njia kuu.

Aliyenifanyia haya ni gugu. Asubuhi ile nilikuwa napalilia mihogo uani, nikaling'oa gugu ambalo wengi wetu tumelikanyaga bila kulitazama: linafika gotini, majani yake yana meno pembeni, na juu kwenye kishada vimejipanga vikombe vidogo vya kijani vinavyofunika maua. Wataalamu wa mimea wanaliita Acalypha indica. Ni ukoo mmoja na muhogo wenyewe, kwa hiyo asubuhi nzima nilikuwa natenganisha ndugu. Gugu hili likiwa limesimama shambani, paka anapita zake. Mambo yako chini. Ung'oe, mzizi ukwaruzike, basi inatoka harufu ambayo mimi sikuisikia hata chembe, lakini diko zima liliipata. Nikanawa mikono kwa maji matupu, nikavaa kanzu, nikakaa kungoja wageni.

Mwaka 2016 watafiti wa Australia walitangaza kwamba wamezitoa kwenye mzizi huo kemikali zinazowavuta paka. Moja inaitwa isodihidronepetalaktoni. Ningelitamka jina hilo barazani, wageni wangetoka mbio bila makubadhi. Ni ndugu wa ile iliyomo kwenye Nepeta cataria, yale majani ambayo Wazungu huwapandia paka wao bustanini, mmea wa ukoo wa mrehani na nanaa. Wala paka hana haja ya kuyala. Harufu ikishaingia puani, ubongo wake unajimwagia endofini, yaani anapata raha ya kasumba bila kuvuta kasumba. Hili lilithibitishwa Japani mwaka 2021 na Masao Miyazaki wa Chuo Kikuu cha Iwate pamoja na wenzake, kwa kutumia mmea mwingine wa kwao uitwao matatabi. Waliwapa paka dawa ya kuzuia nguvu ya kasumba mwilini. Paka wakanusa matatabi, wakaachana nayo. Halafu wakaona jambo ambalo mimi bado halijanitoka kichwani: kule kugaragara kuna kazi. Paka akishajipaka ile harufu manyoyani, mbu wanapungua kumtua. Sisi tunagaiwa vyandarua, mwenzetu anajitengenezea chake kwa kubiringika. Pindo la kanzu ya mshenga lilikuwa linatumika kumpakia paka dawa ya mbu.

Si paka wote, lakini. Kwa Nepeta ni kama theluthi mbili tu wanaolewa. Ni jambo la kurithi, na vitoto bado hawajui kitu. Ulevi wenyewe hudumu dakika kumi hivi, kisha paka anainuka, anajilamba, hamjuani tena.

Haya yote nimeyaeleza msikitini, dukani na dikoni. Nimesikilizwa vizuri sana, na hakuna aliyeamini. Na hapa kicheko kinanikauka. Kwingine mtu akifuatwa na paka, watu watasema ana samaki mfukoni. Pemba, ana watu wake. Evelyn Waugh, Mwingereza, alishaandika kwenye Remote People mwaka 1931 kwamba kisiwa hiki ndicho chuo cha uchawi, eti hata waganga wa Haiti wanakuja kuongeza elimu. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, jini wa usiku, ikaanzia kwetu, watu wakalala nje makundi kwa makundi, na mpaka leo tunataniwa nayo na watu ambao kwao pia walilala nje. Kijana wetu mmoja alikosa chumba Dar es Salaam kwa kutaja tu kwao. Mwenye nyumba alisema hataki mambo. Mwenye nyumba huyohuyo, nguzo ya umeme mbele ya mlango wake imebandikwa namba ya simu ya mganga kutoka Pemba.

Tangu Ijumaa wamekuja kina mama, mmoja mmoja, baada ya isha, wananong'ona kuomba mzizi. Kama unavuta paka, mume utamshinda? Nawajibu kwamba limbwata la dakika kumi si limbwata, na mume mwenyewe hana pua hiyo. Tena wasithubutu kumnywesha: kuna watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, nao ni wengi katika nchi za malaria, ambao gugu hili likiingia tumboni linaweza kuwavunjia chembe nyekundu za damu. Wanaitikia, kisha wanaondoka kupitia uani, kwenye mihogo.

 



Pamoja na hayo yote, posa imekubaliwa, na mahari tuliyotaja watu wa Kengeja hawakupunguza hata shilingi. Mpwa wangu ananipikia chai bila kuombwa.

Jana usiku akanipigia mtu kutoka Bara, namba yangu sijui kaipata wapi. Anaitaka ile dawa ya Pemba, ile yenyewe, bei si tatizo. Nikamtajia bei ya karafuu. Akakata simu.