Ngome, Phoenix na Kiroba cha Udaga

Mpwa wangu anaishi Japani, na kazi yake siku za mapumziko ni kunitumia picha akiwa juu ya baiskeli. Safari hii alikuwa Hikone, mji uliokua kuizunguka ngome iliyokamilika mwaka 1622, kando ya ziwa Biwa. Akanieleza kwamba katika miji ya namna hiyo mitaa ilipindwapindwa makusudi, njia nyingine zikagota ukutani, ili adui akiingia apotee kabla hajalifikia lango la mtawala.

Nikamjibu: hiyo ni Igogo yetu ya Mwanza, mjomba. Tofauti ni kwamba sisi hatukuhitaji mtawala wala adui. Kila mtu alijenga pale mwamba ulipomruhusu, njia ikapita palipobaki. Kuhusu ziwa sikumwandikia mengi. Letu linaimeza Biwa mara 100 na meli zikapata pa kupita.

Ubishi huo ndio ulionitoa nyumbani. Mwanza nayo ina ngome, au tuseme kitu kinachojitahidi kuwa ngome: ile nyumba ya Gunzert, mtawala wa enzi za Wajerumani, juu ya kilima cha Robert Koch, katikati ya jiji. Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892, na kama ilivyo kawaida ya watawala, wakachagua pa juu. Mpango ulikuwa niizuru kwa baiskeli, nipige picha, nimnyamazishe kijana.

Baiskeli niliazima kwa jirani, mchuuzi wa samaki. Phoenix, chuma kizito, keria yake imefungwa mto wa sponji, na harufu ya sangara imeingia mpaka kwenye kengele. Sasa, anayeishi Igogo ya juu anajua kuwa gurudumu halikuumbwa kwa ajili yake. Kutoka mlangoni kwangu hadi barabara ya Kenyatta ni ngazi, mtaro, jiwe, ngazi tena. Kwa hiyo Phoenix ndiyo iliyonipanda mimi, begani, huku watoto wakipiga kelele, "Babu kabebeshwa!" Huko chini korongo wenye vipara, wale wanaoishi kwa utumbo wa samaki, wakanusa sangara na kuanza kunifuata taratibu kama wadai wenye adabu.

Barabarani mambo yalinyooka. Nikapita bandari ya kusini, nikapita stesheni ambako reli ya kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, nikasimama karibu na Jiwe la Bismarck kuvuta pumzi. Abiria wa kivuko cha Kamanga walikuwa wanashuka. Nikahisi baiskeli imezama. Kugeuka, mama mmoja ameshatua kiroba cha udaga, ule unga wa muhogo, kwenye keria na yeye anakaa juu yake.

"Kirumba shilingi ngapi?"

"Mama, mimi si wa abiria. Niko kwenye utalii."

"Na huo utalii haupiti Kirumba?"

Unapita. Tukapatana elfu moja.

Nilimtembeza kwa heshima zote. Nikamweleza kwamba tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza Speke alisimama kilima cha Isamilo, akaliona hili ziwa na kulipa jina la malkia wake. Mama akafikiri kidogo. "Na siku hiyo Wasukuma walikuwa wanaogea wapi?"

Nilipokata kona kuelekea kwa Robert Koch alishtuka, akasema Kirumba si huko. Nikamwomba basi ashuke, tunapanda kilima.

"Kilima ni cha kwako, baba. Mimi nimelipia kukaa."

Mnyororo ulitoka hapohapo. Fundi chini ya mwembe aliukagua, akamkagua mama, akakagua kiroba. "Ngosha, hii imezoea samaki. Samaki hawabishani." Akakata pingili, akaziba pancha ambayo sikuwa nimeiona, akadai elfu moja mia tano. Mama alikuwa bado juu ya keria, baiskeli imesimamishwa kwa stendi, anajipepea kwa kanga.

Nyumba ya Gunzert tuliitazama kutoka chini. Mimi nilianza kusifia wajenzi wa zamani. Mama akanikatiza: "Alijenga juu ili wanaomdai wachoke njiani." Vitabu vya historia nilivyosoma havina maelezo ya kuridhisha zaidi. Nikampa simu anipige picha na ngome yangu. Akapiga, kiroba kimetokea chote, mimi nusu, ngome kidogo.

Mpwa alipoipata aliuliza swali moja tu: unga ule unauzwaje?

Nilipata elfu moja, nikatoa elfu moja mia tano, na jirani akataka kujua kwa nini mnyororo wake umekuwa mfupi. Nawe ukija kuitalii Mwanza kwa baiskeli, karibu sana. Ila kabla hujafika pale kivukoni, ng'oa keria.