Miguu Inafanya Kazi, Mikono Je?

Mwenzangu, kama unaishi na mke, mama mkwe na watoto nyumba moja, huhitaji kuelezwa kwamba mkono mtupu ni hatari. Ukiingia ndani huna ulichoshika, kabla hujavua viatu umeshapewa ndoo, au mtoto wa jirani, au mbuzi ya kukunia na nazi zake. Mimi hilo nilishalikubali, sina ugomvi nalo. Ndiyo maana nikaipenda kayaki ya kafi. Kafi lake lina bapa huku na huku, unalishika kwa mikono yote miwili, na ukiliachia kidogo tu mkondo unakugeuza ubavu. Hata mke wangu, ambaye kimoyomoyo namwita Mdhibiti kwa anavyokagua chenji za sokoni, hajawahi kupata njia ya kumtuma mtu aliyeshika kafi.

Kayaki yenyewe niliipata hoteli moja ilipokuwa inauza vifaa vyake chakavu. Ni ya njano, plastiki imepauka kwa jua. Ni zile za kukalia juu, na imetobolewa matundu yanayotoka kwenye sitaha hadi chini, ili wimbi likikupanda maji yashuke yenyewe, usihangaike kukumba. Siku ya arusi ya mdogo wake Mdhibiti waliiweka sebuleni, wakaijaza barafu na soda. Nikasema jamani, ina matundu. Nikaambiwa nisilete nuksi kwenye shughuli ya watu. Kufika saa ya kumtoa bibi arusi barafu ilikuwa imeyeyuka, na zulia la kukodi limekunywa maji yote. Tangu hapo hakuna mtu nyumbani asiyejua matundu yale yanafanya nini.

Basi ningekaa hivyo na uzee ungenikuta na kafi langu, kama si Shemeji Katalogi. Huyu ni kaka yake Mdhibiti, yuko Muscat kwa kina shangazi zake, na anaongea kama karatasi ya matangazo. Hawezi kukwambia amenunua feni. Atakwambia ina mapanga mangapi, inatumia wati ngapi, na tofauti yake na ya mwaka jana. Akasikia natoka baharini na kafi, akanionea huruma. Kontena la ndugu mmoja lilipokuja Tanga, ndani yake, kati ya magodoro na halwa, kulikuwa na kayaki ya pedeli. Zawadi.

Jioni hiyo akapiga simu kutupa somo. Sauti tuliiweka wazi, nyumba nzima imekaa. Alianzia mbali: kampuni ya Hobie ya California, mwaka 1997, iliingiza sokoni mtambo wa mapezi mawili yanayopiga kushoto na kulia chini ya chombo, wazo la mabawa ya pengwini. Baadaye wengine wakaja na pangaboi. Hii yetu ni ya pangaboi: ukizungusha pedeli mara moja, lenyewe linazunguka kama mara kumi, na ukikanyaga kinyume chombo kinarudi nyuma papo hapo. Paja lina nguvu kuliko mkono, akasema, kwa hiyo utakwenda mbali bila kuchoka. Utarambaza chambo nyuma yako huku umeshika mshipi. Samaki akikamata, hutupi kafi ukaufuata mshipi, chombo kikaenda kinakotaka. Unakanyaga taratibu, unakiweka uso kwenye mkondo, unapigana na nguru wako.

Sikuwa na la kubisha. Aliyewahi kupambana na kolekole huku kafi limemlalia mapajani na upepo unamsukuma mwambani anajua kwamba shemeji alikuwa anasema kweli tupu.

Lakini Bi Nahodha hakuwa akisikiliza simu. Bi Nahodha ni mama mkwe wangu, mzaliwa wa Kigombe, binti wa mvuvi wa ngalawa, na jambo la bahari huwa halipitishi bila kulikagua mwenyewe. Alitoka uani, akachuchumaa, akaushika ule mtambo unaochomekwa katikati ya chombo, akalizungusha pangaboi kwa kidole. Kisha akapima kwa mkono toka kwenye tumbo la chombo hadi ncha ya chini. Ukapita dhiraa.

“Maji yakipwa,” akauliza, “hili litakanyaga wapi?”

Simu ikanyamaza. Muscat nzima ikanyamaza. Huku kwetu bamvua likipwa bahari inashuka zaidi ya mita 3, na pale ulipoelea alfajiri, saa nne wanawake wanapita na ndoo wakiokota kombe. Shemeji akajikohoza, akasema mtambo unanyanyuliwa, halafu mtu anatumia kafi la akiba.

“Kumbe kafi lipo,” akasema Bi Nahodha, akaingia ndani kuswali.

Mwanangu wa kiume naye, tunamwita Swali, akataka kujua kama kwa pedeli nitaweza kuvua silikanti. Nikamwambia silikanti anakaa kina ambacho mshipi wangu haufiki, tena huko kusini wametengewa hifadhi yao tangu 2009, si wa kuguswa. Akafikiri. “Sasa wewe utakuwa unavua nini, baba?” Sikumjibu, maana nilikuwa namwangalia mama yake. Mdhibiti katika hotuba yote ya shemeji alikuwa ameokota maneno matatu tu, na alikuwa anayageuzageuza mdomoni.

“Mikono inakuwa huru,” akasema polepole. “Ati, Baba Zuhura?”

Mwenzangu, nilihisi baridi mgongoni.

Jumamosi ile kulikuwa na hitima ya babu yao kina Mdhibiti, watu wanategemewa kwa pilau la mchana. Alfajiri nikaisukuma kayaki ya pedeli majini pale Raskazone. Nasema naisukuma kwa ulimi tu. Ukiipakia kiti na mtambo inapita kilo 50, na ile ya njano haifiki 30. Hii tuliiburuta mimi na vijana wawili wa mtaani, nikawalipa. Nageuka kupanda, nimkute Mdhibiti kasimama kwenye mchanga, mtandio kichwani, mkononi ana beseni. Ndani ya beseni kuna vitunguu saumu. Vingi. Juu yake kisu kidogo.

“Si unatumia miguu tu?” akasema. “Saa nne viwe vimemenywa.”

Ungejibu nini? Simu yenyewe alishanifungia kwenye mfuko wa plastiki, kaning'iniza shingoni, spika imewashwa.

Nitasema haki: pedeli ni tamu. Kisiwa cha Toten nilikifikia kabla jua halijawa kali, jasho hakuna, mabega hayaumi. Kwa kafi hapo ningekuwa nimeshafika na shati limelowa, maana kila mpigo unakumwagia matone mapajani. Nikageuza uso wa chombo kwenye mkondo, nikakanyaga kidogokidogo, nikasimama pale pale bila nanga. Mshipi nyuma, ufito umekaa kwenye tundu lake, na mimi namenya. Kitunguu saumu kina ngozi nyembamba ile ya ndani inayogandia kidole. Ukiwa na vidole vyenye chumvi haitoki, na ukikipeleka kidole jichoni, utajua mwenyewe. Ngalawa moja ikapita karibu, tanga limejaa. Wazee wawili wakaniangalia, wakaangalia beseni, wakaangaliana. Mmoja akasema, “Pole, mwanangu.” Tangu niingie kwenye ndoa hakuna aliyenielewa haraka namna ile.

Ufito ukainama. Nikaudaka, gurudumu linalia, na miguu, lazima nikiri, ikafanya kila kitu alichoahidi Katalogi: nikarudi nyuma kuukwepa mwamba, nikasonga mbele kuukaza mshipi, mikono haikutoka kwenye ufito. Akatoka kolekole wa fedha, mpana, mwenye hasira. Nikamlaza miguuni. Naye katika kufa kwake akapiga mkia mmoja tu, beseni likapinduka, na vitunguu saumu vilivyomenywa vikaingia kwenye matundu ya sitaha, maana hii nayo inayo kama ile ya njano, kimoja kimoja, vikazama Toten kuwasalimia Wajerumani waliozikwa pale.

Shingoni simu ikasema, “Umefikia wapi?”

“Nimepata kolekole, Mama Zuhura.”

“Nimeuliza vitunguu.”

Nikakanyaga kurudi. Maji nayo yalikuwa yanarudi, upande wake. Karibu na pwani nikaingia kwenye mwani, pedeli zikawa nzito, kisha zikagoma. Mwani ulikuwa umejisokota kwenye shina la pangaboi hata kisu hakikupata pa kuanzia. Nikaunyanyua mtambo, nikageuka kuchukua kafi la akiba. Halipo.

Kafi lilikuwa kwa binti yangu. Zuhura ana miaka 14, nyumbani anaitwa Karani kwa sababu ana daftari la madeni ya kila mtu. Alikuwa kwenye ile ya njano, anateleza kwenye maji yasiyofika magoti, changu wanne wamelala mbele yake. Akaeleza kwamba kafi la babu Katalogi ni jepesi kuliko langu. Nikamwambia shemeji yangu si babu yake, ni mjomba wake. Akasema mjomba mwenye mvi. Kisha akafungua mfuko, akatoa daftari.

“Kukuvuta, elfu tano.”

Nikakubali, akajaribu, lakini chombo changu kilikuwa kimeshakaa kwenye tope. Akaandika “jaribio, elfu mbili”, akamchukua kolekole ili asiharibike kwa jua, akaniaga kwa adabu zote. “Utasubiri maji yajae, baba. Saa nane hivi yatakufikia.”

Nikakaa. Wanawake wa kombe wakapita na ndoo zao. “Shikamoo baba. Baiskeli imepata pancha?” Nikaitikia marahaba, ningefanyaje. Kwa mbali nikaona mtu anakuja juu ya mchanga uliokaukiwa, khanga kaifunga kiunoni, anatembea kama mwenye haraka lakini asiyekimbia. Nikamshukuru Mungu. Katika nyumba yote, mtu wa bahari ni mmoja, naye amekuja na kamba, au chai, au angalau ushauri.

Bi Nahodha akafika, akakitazama chombo, akatazama pangaboi na mwani wake, hakusema “niliwaambia”. Ni mama mwenye heshima. Akatoa kwenye khanga furushi, akaliweka mapajani mwangu, na kisu kingine.

“Kwa kuwa umekaa, mwanangu,” akasema.

Pilau lilikuwa zuri, watu walilisifu, nasikia. Shemeji Katalogi alipopigiwa na kuelezwa yaliyonikuta, alisikitika sana, akasema kosa ni kuniacha niende peke yangu. Kuna ya watu wawili, kiti mbele kiti nyuma, kila mmoja na pedeli zake, atatuletea kontena lijalo, mimi na Mdhibiti tuwe tunatoka pamoja. Mdhibiti alifurahi. Swali lake kwa kaka yake lilikuwa moja: pedeli za kiti cha nyuma zinaweza kutolewa?