Jogoo wa Kijiji cha Mabata

Kijiji ninachokisimulia ni Denmark, na alfajiri yenyewe ni ya tarehe 9 Aprili 1940. Mbwa mwitu walivuka mpaka gizani, na kabla ya adhuhuri mabata walikuwa chini yao. Hawakuwala wote. Walimwambia mfalme: baki na kiti chako, baraza lako na askari wako, sisi tumekuja kuwalinda. Ila jogoo wenu wa habari awike tutakavyo.

Wazee wakashauriana. Wakaona heri wamshike jogoo koo wenyewe, kuliko kumwachia mgeni mwenye makucha. Kazi hiyo wakampa karani wa mambo ya nje, na kila siku akamnong'oneza jogoo lipi la kuwika na lipi la kumeza. Mayai yakibebwa kwenda kwa mbwa mwitu, jogoo alisema kuku hawatagi. Bata kijana akikamatwa usiku, jogoo aliwika habari za mvua. Hapa ndipo moyo wangu unapouma: mbwa mwitu hawakuhitaji hata kumgusa jogoo. Waliomkaba ni ndugu zake, nao waliamini kwa dhati kwamba wanamwokoa.

Septemba 1942, mkuu wa mbwa mwitu alimtumia mfalme salamu ndefu za siku ya kuzaliwa. Mfalme akajibu kwa shukrani fupi, basi. Mkuu akafura kwa hasira, akamwita mjumbe wake nyumbani, na haukupita muda mrefu mwenyekiti wa baraza akabadilishwa. Mnyonge akiambiwa yuko huru, hata ufupi wa shukrani yake hupimwa.

Wakati huo chiriku walikwisha kuanza kuimba vichakani yale aliyoyameza jogoo. Kiangazi cha 1943 mabata waliosikia wakagoma kazi. Tarehe 28 Agosti mbwa mwitu wakaleta amri: pasiwe na mikutano wala migomo, mharibifu auawe, na mbwa mwitu akae ubavuni mwa jogoo kumkagua.

Baraza likakataa. Lilikuwa limechelewa miaka mitatu, lakini lilikataa, na heshima hiyo silinyimi. Kulipokucha tarehe 29, askari wa mabata wakazizamisha merikebu zao wenyewe katika bandari ya Copenhagen ili mgeni asizipate. Baraza likaacha kazi. Jogoo hakufunguliwa koo, lakini chiriku waliongezeka kila kichaka, na mabata wakawa wanaamka mapema kuwasikiliza.